Huba na Ukoo Wake

Huba ni pendo lililoingia moyoni likatulia. Mwenye huba na mtu humkumbuka akiwa mbali, huchangamka akiisikia hodi yake, na humwonea uchungu akipatwa na jambo. Kisiwani Pemba neno hili husemwa kwa mume na mke, kwa mama na mwana, kwa jirani na jirani, hata kwa masahibu wawili waliovua pamoja miaka mingi mpaka kila mmoja akaijua pumzi ya mwenzake. Watu wa Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni wanalo pia neno mapenzi, wanalo mahaba, na upendo wanausikia redioni kila siku. Lakini huba ina kazi yake ambayo maneno hayo hayaifanyi sawasawa, na kazi hiyo huonekana kwanza katika sarufi.

Katika mazungumzo ya kawaida, huba haina kitenzi. Makamusi yanacho kitenzi kuhibu, na washairi wamekitumia, lakini ni nadra kumsikia mtu sokoni au uwanjani kwake akisema amemhibu fulani. Huba husimama kama jina na huazima vitenzi vya wengine. Mtu ana huba. Huba imemwingia. Maneno mazuri yamemtia huba. Wale wawili wana huba, na yule bwana, masikini, hana huba na mtu. Katika tungo zote hizo huba ni kitu kinachofika na kukaa, na binadamu ni nyumba yake. Hakuna anayeambiwa “fanya huba”, kama vile asivyoambiwa mtu afanye kiu au afanye usingizi.

Kupenda ni tofauti. Kitenzi hicho cha Kibantu kina nguvu ya kuchagua ndani yake. Mtu akisema “ukipenda, njoo kesho”, hazungumzii hisia za moyo bali hiari. “Mungu akipenda” ni Mungu akitaka, na “kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu” maana yake ni kwa matakwa yake. Mapenzi hubeba mambo mawili kwa pamoja, hisia na utashi, na mara nyingine msikilizaji hutegemea mazingira ajue ni lipi linalosemwa. Huba haibebi utashi hata kidogo. Hakuna lifanyikalo kwa huba ya Mungu kwa maana ya amri yake.

Kupenda, tena, hakubagui cha kupendwa. Mtu hupenda pweza wa nazi, hupenda kulala mapema, hupenda Simba au Yanga na kuitwa mpenzi wa mpira. Watangazaji husalimu “wapenzi wasikilizaji” maelfu ambao hawajawaona kwa macho. Huba hailingani na mambo hayo. Anayesema ana huba na pweza wa nazi atachekwa, maana huba huelekea kwenye roho: kwa mtu, na pengine kwa mahali palipomlea mtu mpaka pakawa kama mtu. Mpemba aliyehamia Muscat au Dar es Salaam anaweza kusema ana huba na kwao, na hakuna atakayecheka.

Kwa asili neno hili ni la Kiarabu, hubb. Kiswahili hakikai na konsonanti mbili zilizoshikana mwishoni mwa neno, basi kimeipunguza b moja na kulifunga neno kwa irabu, ikawa huba. Mahabba, jina jingine la mzizi huo huo, likawa mahaba. Njia ya kufika Pemba ilikuwa dini, biashara na ndoa. Magofu ya msikiti wa kale yaliyoko Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, yanaonyesha kwamba Uislamu ulikuwa umekaa kisiwani karne nyingi kabla ya masultani wa Omani, na Waarabu waliokiona kisiwa chenyewe walikiita Al-Khadhra, Cha Kijani. Huba, basi, si neno la Kipemba peke yake. Lipo Unguja, Mombasa na Lamu, na limo katika Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja.

Kiarabu kina sauti kadhaa ambazo sikio la Mswahili wa kawaida huzisikia kama h moja, na hilo limezaa ndugu wa kweli na ndugu wa uongo. Kuhubiri na mahubiri hayana udugu na huba. Hayo yametoka kwenye neno lililotupa habari, lenye kh kwa Kiarabu. Hiba nayo si ndugu, ingawa irabu moja tu ndiyo inayoitenga na huba. Hiba ni zawadi ya kisheria ambayo mtu humpa mwenzake angali hai, na hukamilika kwa sharti itolewe, ikubaliwe na ikabidhiwe. Pemba neno hili ni la maana sana kwa sababu ya mikarafuu. Kwa mila ya Zanzibar miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kwa hiyo mzee anaweza kumpa binti yake mikarafuu mitatu kwa hiba bila kumpa shamba. Kilichomsukuma mzee pengine ni huba. Alichotoa ni hiba. Mbele ya kadhi la kwanza halina uzito wowote, la pili lina mashahidi.

Ndugu wa kweli ni haba, yaani kidogo. Wengi hushangaa wakiambiwa, kwani haba na huba yaonekana maneno yenye kupigana. Katika Kiarabu habba ni punje, chembe ya nafaka, na herufi zake ni zile zile za hubb. Habasoda, mbegu nyeusi inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, ni punje nyeusi. Katika Kiswahili punje ikageuka kuwa sifa ya uchache, na methali ya haba na haba hujaza kibaba ikaihifadhi maana ya zamani bila wasemaji kujua: punje kwa punje hujaza kibaba, na vibaba vinne hufanya pishi. Kwa mchumaji wa karafuu wa Pemba hii si picha ya kishairi. Vizazi kwa vizazi amelipwa kwa pishi, na pishi hujazwa kwa karafuu moja moja.

Wanazuoni wa Kiarabu waliuona udugu huo wakaufikiria sana. Al-Qushayri, mwanachuoni wa Nishapur aliyefariki mwaka 1072, alikusanya katika Risala yake rai mbalimbali juu ya asili ya neno hubb. Wapo waliosema limetokana na punje, kwa kuwa kiini cha moyo huitwa punje ya moyo na huba hukaa humo. Wengine walisema ni povu linalopanda juu ya maji mvua ikinyesha kwa nguvu, kwa kuwa moyo wenye shauku hufura vivyo hivyo. Wengine wakataja vijiti vya kuwekea mtungi wa maji, kwa sababu mwenye huba huubeba mzigo wa ampendaye, wa heshima na wa udhia, bila kuutua. Hizi ni tafakuri za watu wa moyo zaidi ya kuwa ushahidi wa historia ya neno, lakini ile ya mtungi inastahili kukumbukwa. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye mtungi wa maji ya kunywa anajua kwamba kinachoonekana na kusifiwa ni mtungi, na kinachousimamisha kiko chini yake kimya.

Kutoka kwenye mzizi huo Kiswahili kimepata ukoo mzima. Muhibu ni mtu mwenye huba, na kwa Waswahili ni rafiki wa dhati. Habibu ni mpendwa, na kwa mwanamke ni Habiba. Mahabubu na mahabuba ni wale waliopendwa, na ndiyo maneno ya nyimbo na barua. Katika karne ya 19 barua za pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilifunguliwa kwa safu ndefu ya sifa za mpokeaji, na muhibu ni miongoni mwa sifa hizo. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi kama hayo mwaka 1892. Barua yenyewe inaweza kuwa ya deni, ya pembe za ndovu au ya ugomvi wa mali, lakini mpokeaji alikwishaitwa muhibu kabla ya kudaiwa. Siyo unafiki. Katika adabu ya pwani jambo zito hupitishiwa kwenye mlango wa huba, ili likikataliwa, mlango usifungwe pamoja nalo.

Pemba ilikuwa na washairi walioyajua maneno haya kwa undani. Kamange na Sarahani, walioishi katika karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, ndio wanaotajwa kwanza kila panapozungumzwa ushairi wa kisiwa hiki. Maisha na tungo zao zilikusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Kabla ya hapo, mwaka 1958, W. H. Whiteley alichapisha utafiti wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Kwa washairi wa aina hiyo huba, mahaba, shauku na ashiki hayakuwa visawe vya kupambia vina. Shauku ni hamu ya kitu kisichokuwapo. Ikipatikana haja, hutulia. Ashiki ni moto, na anayeunguzwa nao huweza kupoteza akili. Huba haina moto huo. Inaweza kukaa na mtu miaka arobaini na isimwondolee usingizi usiku mmoja.

Mahaba, kinyume chake, yameenda upande wa moto. Taarab ina mchango mkubwa katika hili. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kiliimba kwa Kiarabu katika miaka yake ya mwanzo. Mwimbaji Siti binti Saad aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Kutoka hapo maneno ya mahaba yalitoka kwenye miswada ya wasomi yakaingia masikioni mwa kila mtu, na aghalabu yaliimbwa kwa mpenzi wa kike au wa kiume, si kwa mama wala jirani. Leo “mambo ya mahaba” ni mambo ya chumbani. Mgonjwa wa mahaba anajulikana anaumwa nini. Hata waganga, ambao kwa ajili yao Pemba imevuma mbali, wana dawa ya mahaba na kombe la mahaba, na hapo neno limehama kutoka kwenye hisia likawa jina la kifaa cha kuileta.

Huba yenyewe imeanza kuvutwa kwenye njia hiyo. Bara, wengi wa vijana wanaifahamu kama jina la tamthilia ya Maisha Magic Bongo, yenye visa vya wapenzi, usaliti na kulipizana. Akisikia “huba” kijana wa aina hiyo atafikiria wawili waliopendana kimapenzi. Bibi wa Konde, Pemba, atafikiria pia wake wenza wawili wanaoelewana. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi, ila ingekuwa hasara maana ya bibi ikipotea, kwa sababu hakuna neno jingine fupi la kuishika. Urafiki hautoshi, huruma humweka mmoja juu na mwenzake chini, na mapenzi siku hizi humtia msikilizaji wasiwasi.

Wasiwasi huo una sababu. Neno mapenzi limeundwa kutokana na kupenda kwa kanuni ile ile inayomfanya anayelinda awe mlinzi: nd hugeuka nz, kupenda kukazaa mpenzi, penzi, mapenzi na kipenzi. Zamani, na kwa wazee wa visiwani mpaka sasa, mapenzi ya mama kwa mwanawe husemwa bila kigugumizi. Lakini “kufanya mapenzi” na “uhusiano wa kimapenzi” vimelibana neno mpaka wengi wa bara, wakitaka kuzungumzia familia au jamii, hukimbilia upendo. Upendo umepata nguvu kubwa kupitia makanisa. Katika Biblia ya Union Version, iliyochapishwa kamili mwaka 1952, ndilo neno linalobeba mafundisho makuu ya pendo la Mungu na la binadamu. Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, upendo linaeleweka vizuri na linatumika shuleni na mikutanoni, lakini kwenye mkeka wa nyumbani lina harufu kidogo ya hotuba.

Kipenzi ndilo neno lililosalimika kuliko yote. Kiambishi ki- hapa hakidogoshi ila kinasogeza karibu. Kipenzi cha bibi ni mjukuu anayewekewa ukoko wa chungu, na kipenzi cha darasa ni mwanafunzi anayependwa na kila mtu. Katika hotuba za dini na katika maulidi Mtume Muhammad hutajwa kuwa Kipenzi cha Mwenyezi Mungu, tafsiri ya Habibullah. Neno moja linamtosha mjukuu na linamtosha Mtume, na hakuna anayeona limeshushwa wala limepandishwa.

Pamoja na maneno yote hayo, huba nyingi ya Pemba haitajwi kwa jina. Mume kumwambia mkewe mbele za watu kwamba anampenda si ada. Lugha imetafuta vichochoro vingine, na kikubwa ni majina ya ukoo. Mtoto wa kike wa miaka mitatu huitwa mama, wa kiume huitwa baba, na mtu mzima anayeita hivyo humpa mtoto heshima ya mzazi wake mwenyewe. Babu na bibi huenda mbali zaidi. Katika msimu wa karafuu, jioni, zilizochumwa humwagwa mkekani na nyumba nzima hukaa kuzichambua, karafuu huku na makonyo kule, vidole vikinuka mpaka asubuhi. Hapo bibi humwita mjukuu wake wa kiume: “Njoo, mume wangu, ukae na mkeo.” Mjukuu hucheka, akasogea, na bibi akampa fungu dogo la kuchambua lisilomchosha. Mama mtu haruhusiwi na adabu kumfanyia mwanawe utani huo. Ni haki ya bibi na babu, na chini ya utani huo huba imejaa tele. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na mikeka ya kuchambulia imekuwa mahali ambapo watoto wengi wa kisiwa wamejifunza maneno ya namna hii.

Njia nyingine ni sahani. Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, watoto hupita uani hadi uani na sahani zilizofunikwa: muhogo wa nazi, mashelisheli, majimbi, tambi. Jirani aliyepokea aghalabu harudishi chombo kitupu. Sahani huenda na kurudi mwezi mzima, na zikikatika, watu huuliza kulikoni. Ni kwa majirani kama hao wazee husema “wana huba wale”, na hawana haja ya kueleza zaidi.

Mume na mke nao wana lugha yao, nayo ni harufu. Kikuba ni kifungu kidogo cha asumini, mrehani na kilua, kinachofungwa kwa uzi na kubanwa kifuani au nyweleni. Matumba ya asumini huchumwa jioni yakiwa bado yamefumba, ili yafumbuke usiku mwilini mwa mvaaji. Mume anayerudi kutoka mjini na asumini zilizofungwa kwenye jani la mgomba amekwisha kusema alichotaka kusema, na mke aliyefukiza nguo zake kwa udi amekwisha kujibu. Somo, yaani kungwi anayemfunda mwari kabla ya harusi, hufundisha mambo haya kwa makini, maana huba ya ndoa kwa mujibu wa mafunzo yake hutunzwa, haiachiwi ijitunze.

Kanga ni kichochoro kingine, na hiki kinataka uangalifu. Maandishi ya kanga huitwa jina, na doti moja inaweza kuwa na jina la mahaba, la dua au la kijembe. Mke anayemnunulia wifi yake kanga husoma jina kabla ya kutazama rangi. Kanga yenye jina la huba ikipelekwa kwa mtu aliyekuwa na kinyongo huweza kumaliza ugomvi bila kikao. Yenye jina la mafumbo, hata ikiwa nzuri namna gani, huanzisha mwingine.

Methali nazo huizungumzia huba, ingawa zinatumia kupenda. Ukipenda, chongo huita kengeza. Ukipenda boga, penda na ua lake. Ya kwanza inasema huba hubadilisha jina la kasoro, ya pili inasema haimpokei mtu mmoja bila watu wake. Pemba hii ya pili hutajwa sana wakati wa posa, kwa maana ndoa huunganisha koo mbili, na bibi harusi atakayempenda mume akamchukia mkwe hajamaliza kupenda.

Kwa mwenye kuliandika neno, huba ni ya ngeli ya i-zi: huba yake, huba hii, huba nyingi. Mahaba ni ya ngeli ya ya-: mahaba yake, mahaba mazito. Mtu huwa na huba na mwenzake au kwa mwenzake, na vyote viwili vinakubalika. Muhibu huwekwa kwenye ngeli ya watu, muhibu wangu mpenzi, na hufaa zaidi katika barua na mashairi kuliko kwenye simu. Habibi, lenye umbo la Kiarabu, ni la kawaida mno kwa Waswahili wa Omani, ambako dereva wa teksi na mwenye duka huitana hivyo bila kujuana. Pemba habibi bado lina uzito, na halitupwi kwa mpita njia.

Panapobaki neno hili likisemwa kila siku, bila shauri na bila haya, ni katika majina ya watu. Habiba, Habibu, Mahbuba na Muhibu ni majina ya kawaida visiwani. Mama anayemwita mwanawe kutoka uani aje ale, au amkemee kwa kuvunja sahani ya jirani, hulitamka neno la huba mara nyingi kwa siku kuliko mshairi yeyote.